"Subiri upone" si jibu la chanjo kwa mwenye ugonjwa sugu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jibu moja ambalo wagonjwa wa kisukari, figo, moyo, sikoseli na VVU hupewa mara kwa mara wakiulizia chanjo: "Subiri kwanza upone." Jibu hilo linamfaa mwenye homa kali ya siku tatu. Mwenye ugonjwa sugu haponi, anaishi nao. Ukimwambia asubiri apone umemwambia asichanjwe kabisa, na yeye ndiye ambaye nimonia au homa ya ini ikimpata humlaza wodini wakati jirani yake mzima angepona nyumbani.

Liko pia jibu la upande wa pili, kwamba mgonjwa achanjwe kila chanjo iliyopo kwa kuwa yeye ni mgonjwa. Nalo ni kosa, maana ziko chanjo chache ambazo zikitolewa katika wiki isiyofaa humdhuru. Wagonjwa waliouliza mwaka 2021 "mimi na presha yangu, hii inanifaa?" waliuliza swali la haki kabisa. Tarehe 28 Julai mwaka huo, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, wenye magonjwa sugu waliwekwa mstari wa mbele pamoja na watumishi wa afya na wenye umri mkubwa. Kampeni ilipotulia, mstari huo ukavunjika, na kwa chanjo nyingine zote mgonjwa sugu akarudi kuwa mtu ambaye hakuna dirisha linalomhusu. Dirisha la chanjo ni la watoto na wajawazito. Kliniki ya sukari ni ya sukari.

Kabla ya jambo lolote lazima ijulikane chanjo iliyopo mezani ni hai au si hai. Chanjo hai ina virusi au bakteria wenyewe, waliodhoofishwa wasilete ugonjwa, lakini bado wanaweza kuzaana kidogo mwilini. Humo wamo BCG (ya kifua kikuu), surua na rubela, rota, matone ya polio, homa ya manjano na tetekuwanga. Chanjo isiyo hai ina vipande tu vya kijidudu, au kijidudu kilichouawa, au sumu yake iliyopozwa: homa ya ini B, pepopunda, nimonia, uti wa mgongo, HPV (ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi), kichaa cha mbwa, polio ya sindano. Hizi hazina kinachoweza kuzaana. Mwenye kinga iliyoshuka hawezi kupata ugonjwa kutokana nazo. Hasara yake ni kwamba huenda mwili ukajenga kinga hafifu, na hasara hiyo hutibiwa kwa kuongeza dozi, si kwa kumnyima.

Jina la ugonjwa peke yake halitoshi kukujulisha. Taifodi ya vidonge ni hai, ya sindano si hai. Mafua ya kupulizia puani ni hai, ya sindano si hai. Na kunywa si alama ya uhai, kwa sababu chanjo ya kipindupindu inayotolewa kwenye kampeni zetu hunywewa, lakini vijidudu vyake vimeuawa. Muuguzi asome kichupa, na mgonjwa ana haki ya kuomba asomewe.

Je, nani hasa azuiwe chanjo hai? Si kila mwenye kadi ya kliniki. Kisukari, shinikizo la damu, pumu inayotibiwa kwa dawa ya kuvuta, ugonjwa wa moyo na hata figo kushindwa kazi, kwa vyenyewe, si sababu ya kumnyima mtu chanjo hai. Wa kuzuiwa ni yule ambaye kinga yake imeshuka sana: mwenye VVU ambaye CD4 (chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu) ziko chini ya 200, aliye katikati ya tibakemikali ya saratani, mwenye saratani ya damu, aliyepandikizwa figo, anayetumia dawa za kibaiolojia za kutuliza kinga, na anayemeza prednisoloni (dawa ya steroidi) miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki 2 au zaidi. Orodha hiyo ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Wanaorudishwa nyumbani ni wengi kuliko waliomo.

Sasa tukae kwenye figo, kwa sababu huko ndiko ucheleweshaji hugharimu zaidi.

Mgonjwa ambaye figo zimefika mwisho huunganishwa na mashine ya kusafisha damu (dayalisisi), kwa kawaida siku 3 kwa wiki, saa 4 kila safari. Damu yake hutoka nje ya mwili na kurudi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa kwenye sehemu kavu, kama vitufe vya mashine au mkono wa kiti, kwa siku 7 au zaidi bila kufa, hata pale ambapo jicho halioni tone la damu. Glovu zisizobadilishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa, au kichupa kimoja cha heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kinachochotwa kwa ajili ya watu wawili, vinatosha kuvihamisha. Ndiyo maana mwenye virusi hivyo hutengewa mashine yake, na ndiyo maana asiye navyo anapaswa kufika kwenye mashine akiwa tayari na kinga.

Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, labda awe aliitafuta mwenyewe ukubwani au aliipata kazini. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa dayalisisi wenye umri wa kati na wazee wanaanza bila chochote.

Mtu mzima mwenye afya hupewa dozi 3 za mikrogramu 20: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 ukihesabu tangu dozi ya kwanza. Katika watu wazima wenye afya walio chini ya miaka 40, zaidi ya 90 kati ya 100 hupata kinga ya kutosha. Figo zikishindwa, mwili hauitikii hivyo. Mgonjwa wa dayalisisi huhitaji mikrogramu 40 kila mara, yaani dozi maradufu, na kwa chanjo ya kawaida ya mikrogramu 20 kwa mililita, ratiba huwa ya mara 4: leo, mwezi 1, miezi 2 na miezi 6. Kwa hesabu ya kichupa, mikrogramu 40 ni mililita 2. Zigawanywe sindano mbili kwenye msuli wa bega. Zikilazimika kuingia bega moja, ziachane kwa sentimita 2.5 hivi. Mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine, usiguswe, si kwa sindano ya chanjo wala kwa kupima presha. Na kwa kuwa heparini ya mashine hufanya damu isigande, chanjo ipigwe kabla heparini haijaingia au siku isiyo ya mashine.

Mambo yanayoharibika hapa yanajirudia. La kwanza ni kuchelewa. Kinga hujengeka vizuri zaidi figo zikiwa bado zina nguvu kidogo, kwa hiyo chanjo inatakiwa kuanza daktari anapoona figo zinashuka mwaka hadi mwaka, wala si wiki ambayo katheta inawekwa shingoni. La pili ni kichupa cha watoto, chenye mikrogramu 10 katika nusu mililita, kupewa mtu mzima kwa sababu ndicho kilichokuwepo. La tatu ni kuchoma sindano takoni: mafuta ya hapo huifanya chanjo isifike kwenye msuli, na kinga hutoka nusunusu. La nne, ambalo pengine ndilo linaloudhi kuliko yote, ni kumaliza dozi zote na kutopima. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho, mgonjwa wa dayalisisi apimwe kingamwili za homa ya ini B. Zikifika miliuniti 10 kwa mililita, yaani 10 mIU/ml, amekingika. Zikiwa chini, arudie mzunguko mzima, kisha apimwe tena. Baada ya hapo apimwe kila mwaka, na zikishuka chini ya 10 aongezewe dozi moja. Bila kipimo hicho, kadi iliyojaa mihuri inaweza kuwa ya mtu asiye na kinga hata chembe.

Na liko kosa la tano, dogo kwa umbo, lenye kuleta taharuki kubwa. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa protini ya ganda la kirusi, ile ile inayotafutwa na kipimo cha HBsAg. Mgonjwa akipimwa siku chache tu baada ya kuchanjwa, kipimo kinaweza kuonyesha kwamba ana homa ya ini wakati hana; kinachoonekana ni chanjo iliyo bado kwenye damu. Hali hiyo imeonekana hadi siku 18 baada ya sindano. Mtu huhamishiwa mashine ya wenye virusi, ambako ndiko angeweza kuvipata kweli. Kipimo cha HBsAg kifanywe kabla ya chanjo. Kama siku hiyo imepita, kisubiri wiki 4.

Dozi ikikosekana, hakuna kuanza upya. Aliyepata ya kwanza Januari na kurudi Agosti anaendelea na ya pili. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuanzisha upya humgharimu mgonjwa fedha asizonazo, na wengi wakiambiwa "umeharibu, tunaanza mwanzo" hawarudi tena.

Kwa wenye VVU, kipimo cha HBsAg kina kazi ya ziada. Vidonge vya TLD, dawa ya VVU ya kila siku, vina tenofovir na lamivudine, na zote mbili hupigana na homa ya ini B. Anayegundulika na virusi vyote viwili hahitaji chanjo hiyo. Anahitaji kujua kwamba akiacha TLD ghafla, ini linaweza kuwaka. Asiye na homa ya ini B achanjwe, na wataalamu wengi hupendelea dozi maradufu kwake pia. Msichana mwenye VVU naye asihesabiwe kama wenzake kwenye chanjo ya HPV. Dozi moja inayotolewa sasa kwa wasichana wengi haimtoshi: Shirika la Afya Duniani lilipokubali dozi moja mwaka 2022, lilisema wenye kinga iliyoshuka wapate angalau 2, na ikiwezekana 3. Mwalimu wa shule hawezi kulijua hilo, wala si vema alijue. CTC, yaani kliniki ya VVU, ndiyo yenye kujua, na ndiyo inayopaswa kumpa tarehe ya kurudi.

Tuingie kwenye sikoseli. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka Tanzania. Bandama, ambayo kazi yake ni kuchuja bakteria wenye gamba gumu, huharibika mapema, mara nyingi kabla mtoto hajaanza shule. Bakteria hao ni watatu hasa: nimokoko wa nimonia, Hib, na meningokoko wa uti wa mgongo. Wakiingia kwenye damu ya mtoto asiye na bandama, huua kwa saa, si kwa siku.

Chanjo ya nimonia, PCV13, iliingia kwenye ratiba yetu mwanzoni mwa 2013, na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kijana wa sikoseli aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata. Huyo atafutiwe sasa. Aliyeipata naye hajamaliza: kuanzia umri wa miaka 2 anahitaji chanjo ya pili ya nimonia, ile ya aina 23 (inayokinga aina 23 za nimokoko), wiki 8 au zaidi baada ya PCV ya mwisho, kisha moja zaidi baada ya miaka 5. Mpangilio ni huo kwa sababu. PCV hufundisha mwili kukumbuka. Ya aina 23 huongeza upana tu. Ukitanguliza ya aina 23, mwitikio wa PCV itakayofuata hudhoofika, na kwa mtu mzima ndiyo maana huambiwa asubiri mwaka mzima. Famasi nyingine huuza ile iliyopo kwenye friji bila kuuliza ipi ilitangulia. Mzazi aulize yeye. Kama inapatikana PCV mpya ya aina 20, hiyo moja hufunga hesabu bila kuhitaji ya aina 23.

Chanjo hizi haziondoi Pen V, penisilini ya kumeza ya kuzuia maambukizi. Mtoto wa sikoseli anaendelea na miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi anapofika miaka 3, kisha 250 mara mbili kwa siku hadi afikishe 5, chanjo ziwe zimekamilika au la. Na homa ya nyuzi 38.5 bado ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Watoto hawa huongezewa damu, na hapo kuna mtego ambao kadi ya kliniki ya watoto haiuonyeshi. Damu ya mtu mzima aliyechangia imebeba kingamwili za surua. Mtoto akipewa chanjo ya surua muda mfupi baada ya kuongezewa damu, kingamwili hizo huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Kanuni ni kusubiri miezi 6 baada ya damu nzima au chembe nyekundu. Chanjo zisizo hai hazisubiri chochote. Zitolewe hata wiki hiyo hiyo.

Kwa wanaotumia dawa za kutuliza kinga, wakiwemo wagonjwa wa lupasi, baridi yabisi na magonjwa ya figo yanayovujisha protini, wiki nzuri kuliko zote ni ile iliyo kabla ya dawa. Daktari anapoandika prednisoloni ya dozi kubwa ya muda mrefu, au anapopanga rituksimabu au tibakemikali, na ugonjwa wenyewe unaruhusu kungoja, chanjo zisizo hai zipigwe angalau wiki 2 kabla na zilizo hai wiki 4 kabla. Hali isiporuhusu, dawa itangulie. Hatusemi mtu aachwe na figo zinazovuja eti kwa ajili ya sindano. Prednisoloni ya dozi kubwa ikisimama, chanjo hai hungoja angalau wiki 4. Tibakemikali ikimalizika, angalau miezi 3. Rituksimabu huwaondoa mwilini watengenezaji wa kingamwili kwa miezi kadhaa, kwa hiyo anayeitumia achanjwe karibu na dozi inayofuata, na dozi hiyo icheleweshwe hadi wiki 2 baada ya chanjo. Chanjo ya mafua ya kila mwaka ndiyo haimsubiri mtu, apigwe inapopatikana. Mgonjwa asijisimamishie dawa yoyote kwa ajili ya chanjo. Anayeacha prednisoloni ghafla baada ya miezi anaweza kuanguka kwa sababu tezi zake zimesahau kazi.

Safari huleta maswali magumu zaidi. Kongo hudai cheti cha homa ya manjano kwa kila anayeingia, na madereva wa malori wanaopita Tunduma kwenda Lubumbashi wanalijua hilo vizuri. Chanjo hii ni hai. Dereva mwenye kisukari kinachodhibitiwa anaweza kuchanjwa. Dereva mwenye VVU ambaye CD4 ni 150 hapaswi, hadi dawa zipandishe kinga yake. Aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa apimwe faida na hatari kwa makini, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni adimu, huongezeka kwa umri. Asiyeweza kuchanjwa apewe cheti cha msamaha wa kitabibu, kwenye ukurasa uliotengwa ndani ya kile kitabu cha njano, kikiwa na sahihi na muhuri. Cheti hicho hakimkingi na mbu, na nchi anayokwenda ndiyo yenye uamuzi wa kukipokea. Kadi ya kununua bila sindano ni mbaya kwake maradufu, kwa kuwa daktari atakayemwona akiwa na homa na macho ya njano atasoma kadi na kuliondoa jibu lililo sahihi.

Wengi hawajui kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha homa ya manjano hakiishi muda. Mgonjwa anayetumia prednisoloni leo, lakini alichanjwa 2009 akiwa mzima, hahitaji kurudia. Kadi yake ya zamani ni halali hata kama iliandikwa miaka 10. Anayechanjwa kwa mara ya kwanza ahesabu siku 10 kabla cheti hakijaanza kutambuliwa.

Mahujaji wengi wetu ni wazee wenye sukari na presha, na wao wana habari nyepesi. Chanjo ya uti wa mgongo ya ACWY inayotakiwa na Saudi Arabia si hai. Wapigwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Ile ya aina iliyounganishwa na protini huhesabiwa miaka 5, kwa hiyo aliyekwenda umra miaka mitatu iliyopita atazame kadi kabla ya kulipia nyingine. Katika safari hiyo hiyo ya kliniki aombe ya mafua na ya nimonia. Chanjo zisizo hai zinaweza kutolewa siku moja, kila moja mahali pake. Zilizo hai za sindano zitolewe siku moja au ziachane wiki 4.

Pepopunda inasahaulika kwa wanaume. Wanawake huchanjwa wakiwa wajawazito, wanaume wengi huishia kwenye dozi za utotoni. Kidonda cha mguu cha mwenye kisukari, kirefu, chenye nyama iliyokufa na kilichotembea peku shambani, ni shamba la pepopunda. Anayefika kufungwa kidonda aulizwe chanjo siku hiyo hiyo. Asiyewahi kuchanjwa aanze: leo, baada ya wiki 4, kisha miezi 6, halafu dozi mbili za mwaka hadi mwaka. Na kung'atwa na mbwa hakuna mjadala. Hakuna ugonjwa sugu unaomzuia mtu kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwenye kinga iliyoshuka ndiye wa kuongezewa na kingamwili za tayari kwenye jeraha, hata kama ni mkwaruzo mdogo.

Siku ya sindano yenyewe ina mambo yake. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, achomwe kwa sindano nyembamba, geji 23 au iliyo nyembamba zaidi, kisha mahali pakandamizwe kwa dakika 2 bila kusugua. Mwenye kisukari asiache insulini wala vidonge. Sukari inaweza kupanda kwa siku moja au mbili, apime mara nyingi zaidi. Mkono ukiuma, paracetamol inatosha. Mgonjwa wa figo asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, hata kidonge kimoja cha "maumivu tu". Kila mtu akae dakika 15 kabla ya kuondoka. Mafua madogo si sababu ya kuahirisha. Homa kali ni sababu, na hapo aandikiwe tarehe mpya, isiwe "utakuja ukipata nafuu".

Kwa wanaonunua famasi, joto si adui pekee. Chanjo zote hizi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Homa ya ini B, pepopunda na HPV zina chumvi ya alumini, nazo zikiganda barafu huharibika kabisa, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Alama ya joto iliyobandikwa kwenye kichupa, ile ya mraba ndani ya duara, huonyesha joto tu. Haisemi lolote kuhusu kuganda. Kichupa kilichosukumwa hadi ukutani mwa friji ya kawaida, jirani na barafu, ndicho cha kutiliwa shaka. Usikibebe mfukoni mwa suruali kwenda kutafuta wa kukuchoma, wala usikilaze moja kwa moja juu ya barafu. Kichomwe pale pale kilipotunzwa.

Nyumbani kwa mwenye kinga ndogo, watoto wachanjwe zote, surua ikiwemo, kwa sababu wao ndio ukuta wake. Tahadhari ni kwa matone ya polio na rota: virusi vya chanjo hutoka kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, hivyo anayebadilisha nepi anawe mikono kwa sabuni, na ikiwezekana asiwe mgonjwa mwenyewe.

Tunachoiomba Wizara ya Afya na hospitali zote, za umma na za binafsi, ni ukurasa mmoja ndani ya kadi ya kliniki ya magonjwa sugu. Uwe na nafasi ya jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe, mkono uliochomwa, tarehe ya kurudi, na matokeo ya kingamwili. Juu yake ziandikwe dawa za kutuliza kinga anazotumia mgonjwa na siku zilipoanza. Mifuko ya bima inayolipia mashine ya figo ilipie pia dozi 4 za chanjo na kipimo cha baada yake, kwa mgonjwa ambaye bado hajafika kwenye mashine. Na daktari anayemwandikia mtu barua ya kuanza dayalisisi aambatanishe ukurasa huo, mstari wa kwanza ukiwa na tarehe na jibu la HBsAg.

Wako katika huduma,

Wauguzi na wafamasia wa kliniki za magonjwa sugu,
Morogoro